Nusu Saa ya Babu Ray

Siku ambayo sijaweza kuisahau katika ujana wangu, mwanangu, haikuwa ya harusi wala ya msiba. Ulikuwa mchana wa joto, ghorofa ya nne ya karakana ya kushona nguo huko Kangle, jijini Guangzhou, nami nimesimama kati ya watu wawili waliokuwa hawawezi kuelewana bila mimi. Mmoja alikuwa Mchina, mwongozaji wa tamthilia ya televisheni. Wa pili alikuwa Mmarekani, mwigizaji mzee ambaye zamani kwao watu walimsimamisha barabarani kumsalimia. Mzee alisema maneno machache kwa Kiingereza. Mwongozaji akanigeukia, akisubiri nimwambie kwa Kichina. Nikamwambia kitu kingine.

Nakuandikia haya kwa sababu mama yako amenipigia simu kunieleza kwamba umepata kazi ya ukalimani kwa Wachina wanaojenga barabara, na kwamba unaanza mwezi ujao. Nimefurahi sana. Kichina hicho nilikufundisha mwenyewe sebuleni kwangu, wewe ukiwa bado unavaa sare za shule. Ila baada ya kukata simu nilikaa nikawaza, nikaona nimekufundisha maneno mengi na jambo moja nikaliruka. Nililiruka kwa aibu. Sasa nimepita hamsini, na aibu ya kukaa nalo imekuwa nzito kuliko aibu ya kulisema.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimetoka Tanga kwa ufadhili, nasomea uhandisi wa ujenzi, na Guangzhou yenyewe ilikuwa ikijengwa kana kwamba kuna mtu anaikimbiza. Ukikaa wiki mbili bila kupita mtaa fulani, ukirudi huijui kona uliyozoea kushukia basi. Sisi Waafrika tulijaa mtaa wa Xiaobei. Pale barabara ya Huanshi Zhonglu ulisikia Kilingala, Kisomali, na Kiswahili cha kila namna. Jumamosi niliwapeleka wafanyabiashara wa Nairobi na Dar kwenye masoko ya nguo ya Shahe, nikawasemea. Kichina changu kilikuwa kizuri. Watu walisema ukifumba macho utadhani anayeongea ni mwenyeji. Sifa hiyo niliipenda mno, na ukitaka kujua kosa langu lilianzia wapi, nadhani lilianzia hapo.

Aliyetukutanisha na yule Mmarekani ni Mama Zuhura, mwanamke wa Mombasa aliyekuwa na mgahawa mdogo nyuma ya barabara kuu. Niliingia kula mchana mmoja, nikamkuta amesimama mbele ya meza ya mzee mweusi, mrefu, mwenye mvi zilizokatwa vizuri, anamkazia macho.

"Idi, njoo hapa," aliniita. "Hebu muulize huyu mzee kama si Sajini."

"Sajini gani, mama?"

"Wewe muulize tu."

Nikamuuliza. Mzee akaweka kijiko chini taratibu, akatabasamu. "Mwambie ndiye," alisema. "Lakini mwambie pia kwamba nilikwisha kufa."

Mama Zuhura alivuta kiti akakaa palepale. Akasema alikuwa bibi harusi mpya Mombasa walipokuwa wakionyesha tamthilia ile ya polisi, na siku Sajini alipopigwa risasi alilia mpaka mume wake akamuuliza huyo marehemu ni nani wake. Nilipomfasiria, mzee hakucheka. Alimshika mkono Mama Zuhura kwa mikono yake miwili, akasema, "Kwetu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alilia."

Jina lake lilikuwa Raymond. Sisi tukamwita Babu Ray, isipokuwa Mama Zuhura, ambaye alimwita Sajini hadi siku ya mwisho.

Maisha yake alinisimulia kidogo kidogo. Alizaliwa mji mdogo wa kusini mwa Marekani, baba yake akifagia mabehewa ya treni na mama yake akishona. Alipotoka jeshini alikwenda kwenye jiji la filamu na begi moja. Kazi yake ya kwanza kwenye televisheni ilikuwa kubeba sinia na kusema, "Chakula tayari." Akafanya matangazo ya sabuni. Alipofika miaka thelathini na miwili akapewa kuwa sajini wa kituo cha polisi, na kazi hiyo akaifanya miaka minane. Wapelelezi, ambao ndio walikuwa nyota, wakiingia kituoni yeye huwapa faili na kusema sentensi moja. "Miaka minane nikitoa mafaili," aliniambia. Hata hivyo watoto walimkimbilia barabarani, na alimnunulia mama yake nyumba. Kisha Jumatatu moja akapewa skripti kama kawaida, akasoma hadi katikati, akakuta ameuawa. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Baada ya hapo alikuwa hakimu siku moja, daktari siku nyingine, mara baba wa kijana aliyekamatwa. Halafu simu ikanyamaza. Ndoa ikavunjika, akabaki na binti mmoja aliyeitwa Denise. Miaka kumi na moja aliendesha basi la shule. Lakini msichana wa Kichina aliyewahi kupanga chumba kwake alirudi kwao, akapata kazi ya kutafuta waigizaji Guangzhou, na walipohitaji Mmarekani mtu mzima akamkumbuka.

Tamthilia yenyewe ilimhusu mwanamke wa kijijini aliyeanzisha kiwanda cha nguo. Babu Ray alikuwa mnunuzi kutoka Marekani. Sehemu zake nyingi zilikuwa fupi, ila moja. Karibu na mwisho, yule mnunuzi, aliyekuwa amekataa mzigo mzima kwa kusingizia kitambaa kibovu, anarudi kiwandani na kukiri mbele ya mafundi wote kwamba aliwasingizia. Anakiri kwa Kichina chake cha kuvunjikavunjika. Ukurasa mzima na nusu.

"Sijawahi kupewa zaidi ya mistari sita," aliniambia, akiwa ameishika karatasi ile kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe. "Na sasa nimepewa kwa lugha nisiyoijua."

Basi nikawa mkalimani wake mbele ya kamera, na mwalimu wake tukitoka huko. Kila jioni baada ya masomo nilimsomea ile hotuba neno kwa neno, naye akaandika sauti zake kwa herufi za kwao. Miezi miwili. Na yeye, bila kuombwa, akanifundisha uigizaji. Alinifundisha kutulia, kumsikiliza mwenzako badala ya kungoja zamu yako. Sikujua kama nilikuwa nikiupenda uigizaji mpaka aliponionjesha. Jioni nyingine nilisimama mbele ya kioo chumbani kwangu nikaitoa hotuba yote, bila karatasi, na nikajiambia kwamba naitoa vizuri kuliko yeye. Kwa matamshi ilikuwa kweli.

Acha nikupe kisa kimoja zaidi, umwelewe mtu mwenyewe. Alitaka shati la mnunuzi halisi, nikampeleka Shahe. Lakini Shahe wanauza kwa jumla, shati moja hawakupi. Mwenye duka, mama mmoja mkali, alikuwa akikata kwa mkono, "Mei you, mei you," yaani hakuna. Babu Ray akabadilika mbele ya macho yangu. Akakunja mikono, akakagua mishono, akaniambia nimwambie kuwa anatafuta kiwanda cha kumshonea shehena nzima na anahitaji sampuli. Yule mama akalainika, akaleta na chai. Alipokwisha kumfungia shati, Babu Ray akanigusa bega. "Sasa mwambie ukweli. Mwambie mimi ni mwigizaji tu, na kama anataka shati lake nitalirudisha." Mimi nilitaka tuondoke. Akakataa kutoka mpaka nilipomwambia. Yule mama alitutazama, akacheka sana, akamuuzia. Njiani Babu Ray alisema, "Kamera ikizimwa, mtu ana haki ya kujua ulikuwa ukiigiza."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, mwanangu. Siwezi kudai kwamba sikuonywa.

Siku ya hotuba ikafika. Karakana ya Kangle ilikuwa ya kweli, mafundi wa kweli wamekaa kwenye vyerehani vyao, na madirisha yalifungwa ili kelele za chini zisiingie. Taa zikaongeza joto juu ya joto. Babu Ray alisimama tangu asubuhi. Mara ya kwanza fundi mmoja aliangusha mkasi. Mara ya pili taa ilizimika. Mara ya tatu alikuwa amefika katikati na anaitoa vizuri, vizuri sana, hata wasichana wa vyerehani walikuwa wamesahau kamera, kisha akashika ukingo wa meza na kunyamaza. Uso ulikuwa umelowa jasho na rangi imepotea. Tukamkalisha juu ya robota la vitambaa.

Mwongozaji alikuja akachuchumaa mbele yake. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Muulize anajisikiaje," aliniambia.

Nikamuuliza. Babu Ray alinywa maji, akavuta pumzi. "Mwambie anipe nusu saa na kiti. Mwambie nitaimaliza."

Hayo ndiyo maneno yake yote. Mwongozaji akanitazama. Ningeweza kukuambia kwamba nilimwonea mzee huruma, kwamba niliogopa asije akatuangukia. Kwa miaka kadhaa nilijiambia hivyo mwenyewe. Lakini nakumbuka vizuri nilichokiona kichwani mwangu wakati ule: nilijiona mimi nimesimama mbele ya wale mafundi.

"Anasema mwili umemshinda," nikamwambia mwongozaji kwa Kichina. "Anaomba asiendelee."

Mwongozaji akampapasa Babu Ray goti, akasema, "Pole yake," akainuka. Babu Ray akaniangalia kwa matumaini. "Amekubali?"

"Anasema upumzike," nikamjibu. "Wanaahirisha."

Nilimfuata mwongozaji kwenye ngazi. Hakuniita, mwanangu, nilimfuata mwenyewe. Nikamwambia hotuba yote naijua. Nikaisema palepale, mistari kumi ya kwanza, nikitulia pale Babu Ray aliponifundisha kutulia. Alinisikiliza akivuta sigara. Akasema wanaweza kubadilisha kidogo: mnunuzi ameugua, amemtuma mwanawe aje kukiri kwa niaba yake. Alhamisi nikavaa suti, nikasimama mahali pa Babu Ray, nikawa mtoto wake.

Kabla ya Alhamisi hiyo nilikwenda kwake, nikamwambia hotuba imekatwa. Nikasema wameona tamthilia imerefuka. Akasema, "Ahsante kwa kunieleza kwa upole. Wengine hujisomea tu kwenye skripti."

Hata neno hilo halikunirudisha.

Babu Ray alibaki Guangzhou akifundisha watoto Kiingereza. Miezi ikapita. Nadhani nilijipa moyo kwamba atakuwa ameondoka kabla tamthilia haijaonyeshwa, au kwamba hataitazama. Lakini Mama Zuhura alikuwa akimtazamia Sajini wake kila siku. Jioni, watu wakitoka kuswali magharibi, aliwasha televisheni ya mgahawani na kumwekea Babu Ray kiti cha mbele. Jioni ile nilijaribu kumwita nje, nikasema nina jambo. Akasema, "Ngoja iishe." Mama Zuhura akanishika mkono akanikalisha.

Nikajiona kwenye kioo cha televisheni. Mgahawa mzima ukalipuka kwa furaha, maana hakuna aliyekuwa akijua nilivyoipata nafasi ile. Wakongo wakagonga meza. Kijana mmoja wa Nairobi akanibeba mabegani. "Idi wetu ni staa," Mama Zuhura alikuwa akisema, machozi yakimtoka, kisha nikamwona anageuka kumtafuta Sajini usoni, na furaha ikamwisha polepole.

Babu Ray aliitazama hotuba mpaka neno la mwisho. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na yangu. Ilipoisha akasimama, akachukua kofia yake. Alipofika nilipokuwa akasema kwa sauti ya kawaida, kama mwalimu, "Sentensi ya tatu umeiharakisha." Akatoka.

Asubuhi yake nilikwenda chumbani kwake. Alikuwa akipiga pasi. Nikamweleza yote, tangu kioo cha chumbani kwangu hadi ngazi za Kangle. Aliendelea kupiga pasi. Nilipomaliza akaichomoa, akakaa kitandani.

"Siku ile nilisema nini?" aliniuliza.

"Babu, nime..."

"Nilisema nini? Irudie."

"Mwambie anipe nusu saa na kiti. Mwambie nitaimaliza."

"Sasa ifasiri. Kwa Kichina, kama ulivyotakiwa kuifasiri."

Nikaifasiri. Yeye alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni sentensi fupi," alisema. "Usiku kucha nilikuwa nikijiuliza labda ilikuwa ngumu kuisema."

Kisha akanieleza, bila hasira, jambo ambalo nataka ulisikie alivyolisema yeye. "Kuninyang'anya nafasi ningekusamehe. Waigizaji ndivyo tulivyo. Mimi mwenyewe ujanani nilimwombea mwenzangu apate mafua. Lakini siku ile wewe hukuwa mwigizaji, Idi. Ulikuwa ulimi wangu. Mtu akisalitiwa na mwenzake hupiga kelele. Akisalitiwa na ulimi wake atapiga kelele kwa kutumia nini?"

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa mwongozaji nikamwambia ukweli. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Nilimtaka yeye," alisema. "Yale maneno yalihitaji mtu wa umri ule." Akafunga mlango. Hakuniita tena, wala mwingine yeyote katika kazi ile hakuniita. Babu Ray aliondoka wiki iliyofuata. Mama Zuhura ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege. Mimi hakunitaka, na Mama Zuhura hakunificha hilo.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimerudi Tanzania, nikapata baruapepe kutoka kwa Denise, binti yake. Mama Zuhura alimpa anwani yangu. Aliandika kwamba baba yake amefariki. Akasema mzee alikuwa akiwasimulia wajukuu kwamba China alipewa hotuba ya ukurasa mzima na nusu, na siku za sikukuu alisimama mezani akawatolea kwa Kichina, wao wakicheka na kupiga makofi bila kuelewa neno. Sasa wamepata kanda za tamthilia, wanatafuta hotuba hiyo na hawamwoni. Aliniuliza kama najua iko sehemu ya ngapi.

Hakuwa amewaambia, mwanangu. Jina langu hakulichafua hata kwa binti yake na wajukuu.

Nilikaa na barua ile miezi mitano. Nilianza kumjibu mara nyingi, na kila mara nikajikuta natafuta maneno ya kuipunguza. Mwishowe nikamwandikia kama nilivyokuandikia wewe leo. Akanijibu sentensi mbili: "Ahsante kwa kusema. Tafadhali usiniandikie tena." Nimemtii.

Sasa usikie ninachotaka kukuambia. Huko unakokwenda utasimama kati ya watu wasioelewana, na wote watakutazama wewe. Siku moja kibarua atamwambia laoban, yule bosi wake, kwamba mgongo unamuuma na anaomba apumzike kidogo. Wewe utakuwa umechoka, au utakuwa unataka bosi akupende, au utakuwa na binamu anayeitaka kazi ya yule kibarua. Hakuna atakayejua ukibadilisha neno moja. Ndiyo maana usilibadilishe. Lifikishe kama lilivyo, hata likiwa la kijinga, hata likikuponza. Ukiona neno la mtu litamdhuru, mwambie yeye kabla hujalivusha, usimwamulie kimyakimya. Na kama una tamaa ya kitu, kiombe kwa kinywa chako na kwa jina lako. Pengine ningemwambia Babu Ray kwamba nami natamani kuigiza, angenitafutia nafasi. Kwa jinsi alivyokuwa, naamini angenitafutia.

Na ukikosea, maana utakosea, nenda siku hiyohiyo. Usingoje miezi mitano, wala usingoje watu wajionee kwenye televisheni. Mimi nilikiri, lakini nilikiri wakati ambapo ukweli haukuweza tena kumpa mzee chochote.

Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi hiyo, mwanangu. Akupe moyo mtulivu mbele ya wakubwa na huruma mbele ya wanyonge. Kila atakayekukabidhi neno lake alale usingizi akijua limefika, na wewe ulale usingizi kama yeye. Nenda na radhi zangu zote.